Mlango Uliotangulia Kikao

Haya ni ya kweli tangu mwanzo hadi mwisho, na asiyeamini akasimame mbele ya choo cha wasichana cha shule ile ya msingi, auone mlango kwa macho yake.

Mzee Hoja aliuona Jumatano asubuhi. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuweza kuomba hata chumvi bila kutanguliza "nina hoja". Mlango ulikuwa mpya, wa mbao, una komeo la ndani, na rangi yake ya kijani ilikuwa bado mbichi. Aliugusa ili kuhakikisha, akaondoka na ushahidi kidoleni.

Mlango haukuwa na kosa. Kosa ni kwamba kamati ya shule ilikuwa haijauamua. Kikao ni kesho, Alhamisi, na suala la mlango lilikuwa lijadiliwe kwa mara ya tatu, baada ya kuahirishwa mara mbili na mwenyekiti. Na mwenyekiti ni nani? Ni yeye.

"Mwalimu, nani kaidhinisha kitu hiki?" alimuuliza mwalimu mkuu, mama mpole ambaye pia ndiye katibu wa kamati.

"Kamati, mzee wangu."

"Kamati gani? Kamati ni mimi."

"Ndiyo, mzee wangu," alijibu mwalimu mkuu, akakumbuka ghafla kwamba ana kipindi.

Moyo wa Mzee Hoja ukawa unajipigiza kama mlango usio na komeo. Tangu astaafu ukarani wa bohari, ambako hata msumari haukutoka bila saini yake, dunia ilikuwa imejifunza kwenda bila yeye. Nyumbani paka alisikilizwa kuliko yeye. Kiti kile cha uenyekiti, alichopewa na wazazi kwenye mkutano mkuu bila mkono hata mmoja kubaki chini, ndicho pekee kilichomsalia. Akiingia, watu husimama. Akikohoa, katibu huandika. "Kamati bila mimi ni gari bila breki," alipenda kusema, na kwa hilo hakuna aliyewahi kumpinga.

Kwa mengine wajumbe walimpinga, tena vikali, na hiyo ndiyo ilikuwa raha ya kikao. Leo kinyozi ang'ang'anie, siku nyingine muuza mikate apige meza, naye awajibu mpaka jasho liwatoke na wasalimu amri. Hajawahi kushindwa. Mtu wa namna hiyo hakosi maadui.

"Wanataka kunipindua," alimwambia mkewe wakati wa chakula cha mchana. "Wana kikao cha pembeni."

"Nani apindue nini, baba watoto? Kula, kinapoa."

"Yule muuza mikate. Macho yake siyaamini."

"Macho yake ni ya moshi wa tanuri." Mkewe akamsogezea kofia. "Leo Jumatano, huendi kwenye drafti? Nenda upunguze mawazo. Na usirudi mapema, naosha sakafu. Utateleza bure, mtu mzima."

Sakafu ile ilioshwa kila Jumatano. Kwa usafi, mke wa Mzee Hoja alikuwa hana mfano.

Mzee akachukua kofia, lakini kwenye drafti hakufika. Alijibanza nyuma ya kibanda cha fundi viatu kumvizia mwalimu mkuu. Mtu aliyezeekea bohari anajua kusubiri.

Shule ilipofungwa, mwalimu mkuu akatoka, mkoba begani. Mzee Hoja akamfuata, akijificha nyuma ya kila nguzo ya umeme, ingawa kitambi chake kilikuwa kikichungulia pande zote mbili. Penye mashine ya kusaga, kinyozi akaungana na mwalimu. Mbele kidogo akatokea muuza mikate, na mfuko wa mikate kwapani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Mzee alijisemea, na viatu navyo vinambana.

Wakakata kushoto. Wakapita duka la vyuma chakavu. Wakaingia kwenye uchochoro ambao alianza kuutambua, kisha akautambua kupita kiasi. Wakasimama mbele ya nyumba yake mwenyewe, wakavua viatu, wakaingia bila hodi.

Damu ikamchemka. Kumbe mbinu ndiyo hiyo: mtu akishatoka, waje wamrubuni mkewe, ili mke mwenyewe ambembeleze ajiuzulu. Maskini mama wa watu, peke yake na mbweha watatu, na sakafu yenyewe imelowa. Akazunguka nyuma ya nyumba, akachuchumaa chini ya dirisha la sebule, magoti yakilia kama bawaba kavu. Akainua macho taratibu, tayari kuingia kumwokoa.

Sakafu ilikuwa kavu. Mkewe alikuwa amevaa miwani, amekaa kwenye kile kiti kikubwa ambacho siku zote humwambia mumewe kuwa ni kibovu.

"Madawati ya darasa la kwanza fundi analeta kesho kutwa. Hilo limepita," alisema. "Mlango wa choo umeshawekwa, wasichana hawatoroki tena kwenda kujisaidia kwao. Nalo limepita. Sasa la mwisho. Kesho mzee wangu ataamka na mlango wake. Ni zamu ya nani kubishana naye?"

"Mimi hapana, Mwenyekiti," alisema muuza mikate. "Ile ya kengele nilibishana mpaka sauti ikakauka."

"Na kinyozi alikutangulia kwenye ile ya uzio. Basi ni wewe, Mwalimu. Mbane sawasawa, usiku alale vizuri. Halafu ushindwe."