Zamu ya Kupima Barafu

Chama chao cha mchezo wa kutelezesha mawe kwenye barafu hakikuwa na mwajiriwa. Kila kazi ilifanywa na wanachama kwa zamu. Asubuhi ya mashindano, zamu ya kupima barafu ya ziwa ilimwangukia Tabu, fundi cherehani.

Alitembea hatua ishirini, akatoboa tundu, akapima kwa kijiti. Unene haukufika vidole vitatu. Wenzake walikuwa wameshaanza kuingia na mawe yao mazito.

"Rudini!" alipiga kelele. "Haitatubeba!"

Wakarudi nchi kavu. Tabu alipogeuka kuwafuata, barafu ikalia kama kitambaa kinachochanwa, ufa ukapita katikati ya miguu yake.

"Lala, mwanangu!" aliita Bi Rukia, mwenyekiti wao. "Lala kifudifudi, uzito wako usambae!"

Akalala. Chini ya shavu lake alisikia maji yakitembea. Alipoinua macho, alimwona yule bibi wa miaka sabini akijikokota kwa tumbo kumjia, amenyoosha ufagio wao wa kusugulia barafu mbele ya mawe. Nyuma yake wanachama walikuwa wamelala mstari mmoja, kila mtu ameshika miguu ya mwenzake, hadi ufukweni.

Ufagio ulikuwa umebakiza dhiraa moja kumfikia. Tabu akanyoosha mkono, na barafu ikalia tena.