Mita ya Bi Mghoi

Sheria ilikuwa fupi kuliko mkia wa mbuzi: zahanati haimpokei mtu anayelalamikia mawimbi ya minara ya simu iwapo mita ya kuyapima iliyo nyumbani kwake inasoma chini ya kumi. Mita ya Bi Mghoi ilisoma nane. Kuku wake alikuwa ameatamia mayai kumi na moja, na yote yalitoka viza.

"Mwanangu, kichwa kinawaka moto," alimwambia binti yake, Wakesho, ambaye kazi yake mjini ilikuwa kuzikagua hizo mita. "Ichukue hii ukaipime wewe mwenyewe."

Wakesho aliipeleka maabara, akairushia mawimbi pamoja na chombo walichokiita kipimo kikuu. Vyote viwili vikasoma sawasawa. Akairudisha.

"Haina kosa, mama. Inakubaliana na kipimo kikuu."

"Na hicho kikuu hupimwa na nani?"

Wakesho alisita. Zamani kilipelekwa ng'ambo kila mwaka. Siku hizi walikilinganisha na mita mia walizokwisha kuzigonga muhuri, na kikipishana nazo, hicho kikuu ndicho kilichorekebishwa.

"Na mita zenyewe," alisema.

"Alaa! Kesi ya ngedere mmempa nyani."

Wakesho alipanda kiti, akaitundika mita ukutani na kubandika muhuri mpya, maana nyumba isiyo na muhuri hufungwa. Mama alimshika mkono asije akaanguka. Kiganja chake kilichoma kama sufuria iliyoipuliwa sasa hivi.

Juu yao mita ilisoma nane.