Faini ya Bibi Rohesia

Kanizfatema alifungua mlango kiasi cha pua kupita, akapokea mfuko wa mihogo kwa kidole kimoja, na kabla Ami Hussainali hajamaliza salamu, mlango ukawa umeshafungwa.

"Nani?" aliuliza mama yake kutoka jikoni, ingawa alijua. Kila Alhamisi ni yeye.

"Muuza viungo wa mtaa wa Agincourt. Nimemwambia eda haijaisha."

"Alivaa kofia? Leo theluji imeamka vibaya."

"Sikumtazama kichwa, Mama."

Bi Parveen akaichukua ile mihogo, akaanza kuimenya. Tangu mumewe azikwe hapa Toronto, kipupwe kile cha mwaka tisini na sita, alikuwa hatulii. Ndani ya nguo zake nyeupe, bila bangili wala wanja, alitoka jikoni kwenda dirishani, dirishani kurudi jikoni, kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kanizfatema alidhani anajua kinachomtisha. Mjane mwenye nyumba yake, tena mtaa wa Bathurst, karibu na msikiti: fisi gani asingenusa? Ndiyo maana alikuwa amehama Crescent Town akarudi kwa mama. Simu alipokea yeye. Komeo jipya la mlango alilipachika yeye, na ufunguo wake ulilala mfukoni mwake. Na huyu ami, rafiki wa marehemu tangu Tanga, naye alikuwa amefiwa na mke. Mihogo haikuwa bure.

"Haya, wa kwako amefika wapi?" aliuliza Bi Parveen.

Wa kwake alikuwa Rohesia, bibi mkubwa wa ukoo wa Kiingereza, aliyeishi na kumiliki ardhi Ayalandi miaka mia saba na ushei iliyopita. Kanizfatema alikuwa akiandika habari zake chuo kikuu, na kila jioni alimkatia mama kipande, makusudi, apate moyo wa kukataa.

"Mume amekufa. Ameachiwa ngome, vinu vya kusagia, mashamba ya ngano mpaka mtoni. Kaburi halijakauka, wachumba wamejaa uani na farasi wao."

"Hakumpenda hata mmoja?"

"Mama, wote walitaka mashamba."

"Wote?"

"Wote. Na mfalme ndiye mwenye amri ya kumwoza. Mjane akitaka kukaa peke yake, amlipe mfalme faini. Akitaka kuolewa na wa moyo wake, vilevile: alipe, apewe ruhusa."

"Mwanamke mzima. Mwenye vinu vyake."

"Mwanamke mzima. Rohesia akalipa, wachumba wakapanda farasi, wakaenda zao."

Bi Parveen akaguna. Akasukuma maganda pembeni.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nyumba ni yangu, lakini nabisha hodi nikiwa ndani."

"Rohesia huyo."

"Hukupata. Nipe mji."

"Chukua Toronto."

"Ya nini, na baridi yake? Baki nayo. Jibu nitakupa eda ikiisha."

Alhamisi iliyofuata, hodi haikubishwa. Bi Parveen alipika ugali ukaungua. Chai ikapoa mbele yake. Mara kumi alikwenda kushika pazia, na mara kumi binti yake akamrudisha kitini.

"Labda anaumwa," alisema mama. "Mpigie simu, ujue tu."

"Amechoka kunusa, Mama. Shukuru."

Lakini Alhamisi ya pili mtu akakohoa barazani, kikohozi cha kifua kizima, na kisu cha Bi Parveen kikaanguka sakafuni. Kanizfatema akakirudisha mezani. Akaenda mlangoni na hasira zake, akapokea mfuko, akafunga bila hata kuitikia salamu.

"Siku eda ikiisha," alimwambia mama, "namwambia asikanyage tena hapa. Wewe usiwe na wasiwasi. Nipo."

"Naona, mwanangu," alisema Bi Parveen. "Upo."

Eda ikaisha. Bi Parveen alioga, akavaa gauni la zambarau ambalo halikuwa limetoka kabatini tangu msiba, akapaka wanja. Kanizfatema akafurahi kumwona amechangamka.

Mara hodi. Kikohozi.

Kanizfatema akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo. "Kaa nyuma yangu, Mama. Leo namaliza maneno."

Bi Parveen hakukaa nyuma. Alimshika binti yake mkono, akaufungua ule mwingine mtupu, akauwekea kitu kizito, cha baridi: bangili zake za dhahabu, zote, zile alizovishwa siku ya harusi yake Tanga.

"Rohesia alimlipa mfalme wake," alisema polepole, "nami namlipa wangu. Pokea, mwanangu, unipe ruhusa nikamfungulie."