Pengo la Ua

Juu ya meza ya Bi Raya palikuwa na picha ya kupanga vipande, mchoro wa kale wa mlangilangi, mpaka mbegu na mizizi yake. Kilikosekana kipande kimoja tu, cha ua. Binti yake Salha alisafiri nacho miaka sita iliyopita. "Nitakuja kukiweka mwenyewe, mama," alisema.

Asubuhi hii tarishi alileta bahasha. Bi Raya aliipapasa, vidole vikakitambua kipande ndani. Kama kimekuja kwa posta, basi Salha haji.

"Hufungui, bibi?" tarishi aliuliza.

"Irudishe ilikotoka, mwanangu. Waambie hukunikuta."

Tarishi akashika njia. Bi Raya akaiinamia picha, akalipangusa vumbi lile pengo kwa upindo wa kanga, polepole, kama anayemtandikia kitanda mgeni aliye njiani.