Kartushi za Njia ya Pangi

Kabla askari wa kizuizi cha barabarani hajafungua kinywa, Kasimu alitoa mikono yote miwili dirishani, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye kibanda: "Shefu, niko na risasi ndani ya gari."

Askari waliokuwa kwenye benchi wakanyanyuka wote. Mkubwa wao, kijana mrefu aitwaye Alain, alikaza mkono kwenye bunduki yake.

"Risasi gani, papa?"

"Kartushi za kuwindia. Ziko nyuma, ndani ya kisanduku chenye kufuli. Bunduki iko pembeni, tupu, ndani ya mufuko wake. Ruhusa njo hii. Wenye kuitoa walituambia mwenye kubeba aseme mwenyewe, asingoje kuulizwa."

Alain akatabasamu. "Tangu tuweke hii barieri, wewe njo mutu wa kwanza kusema mbele ya kuulizwa. Shuka, tuone."

Mbele yao lori lilikuwa likigeuzwa kurudi Kindu. Juu yake kulikuwa na jeneza, na mwanamke aliyelilalia akilia. Tangu kipindupindu kiingie mjini, amri ilikuwa moja: maiti haitoki, hata ya aliyekufa kwa uzee, izikwe Kindu siku ile ile. Kasimu alimtazama yule mwanamke, kisha akashusha macho.

Kando yake, kwenye kiti cha mbele, mke wake Sofia alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, kitenge kimeshuka hadi kwenye nyusi. Kasimu akashuka, akafunga mlango polepole, akaenda nyuma.

Jasho lilimtiririka mgongoni. Mtu wa umri wake, katika Maniema, hasimami barierini na kartushi bila hofu. Wakati wa vita, kwenye njia hii hii, watoto wake wawili, Musafiri na Amisi, walisimamishwa wakisukuma baiskeli ya mawese. Watu wenye bunduki walipekua mizigo yao, wakakuta ganda moja la kartushi, ambalo Amisi aliliokota porini akalifanya filimbi. Wakaambiwa wao ni wanamgambo wa Mai-Mai. Hawakupewa nafasi ya kujibu. Walizikwa Pangi, nyuma ya nyumba ya mjomba wao, na kabla udongo haujakauka wazazi wao walikuwa wamekimbilia Kindu.

Sofia alifika mjini na neno moja tu: kartushi isiingie tena mahali anapokaa yeye. Kasimu akaapa. Bunduki aliyorithi kwa baba yake aliiacha kwa mdogo wake, akawa anaifanyia upya ruhusa kwa kuogopa sheria tu. Na leo asubuhi, kabla ya kuvuka mto Lualaba, alipita kwa mdogo wake, akaichukua pamoja na kartushi zake. Sofia hakusema neno.

Alain alifungua kisanduku. Wenzake wakamzunguka, hata mtu wa afya mwenye pampu ya klorini aliacha kazi yake, akaja kutazama. Kartushi nyekundu zikapita mkono kwa mkono. Walisoma ruhusa, wakanusa mtutu, wakauliza za nini.

"Ngedere wanamaliza mihogo ya shemeji yangu kule Pangi."

"Na mama, hashuki kutusalimia?" Alain akaanza kuelekea mbele ya gari.

Kasimu akamzibia njia.

"Umuache, mwanangu. Hizi kartushi, yeye hakuzitaka ndani ya gari. Watoto wetu wawili walikufa juu ya ganda moja. Walikuwa rika yako. Tangu asubuhi hajanisemesha."

Alain alivua kofia. Alipokea kartushi kutoka kwa wenzake, akazirudisha kisandukuni moja moja, akabana kufuli mwenyewe.

"Utusamehe, papa," akasema kwa sauti ya chini. "Mupite. Mungu awafikishe."

Mti wa barieri ukainuliwa.

Kasimu aliendesha mpaka barieri ikapotea nyuma ya kona, ndipo machozi yakamshinda. Alisimamisha gari chini ya mianzi, akamrekebishia Sofia kitenge kilichokuwa kimeteleza.

"Nilikuapia," akamwambia. "Nilikuapia, na leo nimezitia mimi mwenyewe. Unisamehe, mama Musafiri."

Akajifuta uso kwa kiganja, akawasha gari tena.

Mvua ya juzi ilikuwa imeikata njia vibaya. Alikwenda polepole, na kila walipoingia shimoni alinyoosha mkono wa kuume kumkinga mke wake asigonge kioo. Njiani akamtajia vijiji kimoja kimoja, kama alivyokuwa akifanya zamani walipokuwa wachumba na Sofia akiogopa safari ndefu. Huku njo kwa akina Odette, yule mwenye kutupikia samaki. Huku njo tulipolala siku mvua ilipotukamata.

Jua lilikuwa limeanza kupinda walipoingia Pangi. Tambwe, kaka yake Sofia, alikuwa amesimama uani na wanaume wa mtaa. Simu ya Kasimu ya asubuhi ilikuwa imemfikia. Miguu yao ilikuwa na udongo mbichi hadi magotini. Hakuna aliyesema karibu.

Kasimu alizunguka gari, akafungua mlango wa upande wa Sofia, akamfungua mkanda, akampokea kwa bega.

"Shika miguu, shemeji," akasema. "Kichwa nitashika mimi. Tangu nimufumbe macho alfajiri, hakuna mwengine mwenye alimugusa."