Kipimo cha Homa

Kitufe kiligoma kudondoka. Mzee Clemensi alisubiri, akasubiri tena, kisha akatabasamu.

Kilikuwa kipande kidogo cha metali, gadolini iliyochanganywa na shaba, ambacho binti yake Goodness alikiyeyusha mwenyewe kwenye maabara ya chuo huko Dar es Salaam. Krismasi alikileta kijijini Mbulumbulu kuwaringishia wazazi wake. Kwa baridi ya huku juu kilinata kwenye sumaku kama kupe. Kikipata joto la kiganja, kiliachia chenyewe. Mama yake, Evarista, alicheka siku ile hadi akajifuta machozi.

Tangu homa imlaze Evarista, mzee alikigeuza kitufe kuwa kipimo chake. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho. Kile kipimo cha zahanati asingeweza kukisoma. Kila asubuhi alikinatisha kwenye sumaku, akamfumbatisha mkewe, akasikilizia. Siku homa ilipochachamaa, kilidondoka papo hapo. Juzi, baada ya sindano, kilikawia. Jana kilikawia zaidi, na kwa mara ya kwanza mzee akapata usingizi.

Leo kiligoma kabisa. Mkono wenyewe ulikuwa umepoa, si ule wa kuunguza wa wiki nzima. Hata kikohozi kilikuwa kimetulia.

"Lala tu, Mama Goodness. Umeteseka vya kutosha," alimnong'oneza. Akamfunika vizuri blanketi, akachukua simu na kitufe kikiwa bado kwenye sumaku, akatoka nje kwenye ukungu kumpigia Goodness.

"Shikamoo, baba. Mama ameamkaje?"

"Marahaba, mwanangu. Homa imekwisha! Leo kitufe chako hakijadondoka kabisa. Nimesubiri hadi mkono umeniuma."

"Hakijadondoka kabisa?" Goodness aliuliza.

"Wewe Goodness, unanisikia? Mama yako amepona!"

"Baba," alisema taratibu, "hebu kifumbate wewe mwenyewe."

Clemensi alitii, kama anavyomtii siku zote mambo yakiwa ya kisomi. Haukupita muda, kitufe kikaachia sumaku na kumdondokea kiganjani. Mzee akaangua kicheko.

"Ala! Kumbe homa imehamia kwangu!"

"Huna homa, baba," Goodness alisema, na sasa alikuwa analia. "Kwa mtu yeyote aliye hai, lazima kidondoke."