Tone la Mwisho la Salha

Umeme ulipokatika, kipimo cha kwanza kiliharibika. Sasa maji yaliyotolewa kwenye uti wa mgongo wa Salha yalibaki tone moja tu. Tunu, mtaalamu wa maabara, alilitia kwenye mashine.

“Likiharibika hili, dada?” mama yake Salha aliuliza mlangoni. “Mwanangu hawezi kutobolewa tena. Majirani wanasema ana pepo.”

“Tuombe, mama.”

Mstari ulitambaa kwenye skrini, ukafika mahali pa dopamini, kemikali ya ubongo inayoamrisha viungo, ukapita bila kuinuka.

“Haimo!” Tunu alisema. “Ndiyo maana amekakamaa. Dawa yake ipo, mama!”

Jioni mama alimsogezea Salha kijiko cha kwanza cha dawa. Midomo migumu ilitetemeka, ikaanza kufunguka.